Usiku wa mwisho kabla ya pepa ya hisabati, mwalimu wako ni jirani wa dawati

SAA tatu usiku stima zilipotea mtaa mzima. Hakuna aliyenyanyuka. Mmoja wetu aliwasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye mlango wa mabati, na swali likaendelea pale lilipokuwa limekatika.

Tulikuwa watano, wote wa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa huku Eastlands, Nairobi. Kibanda kilikuwa cha mama wa mwenzetu. Mchana aliuza chapati, maharagwe na chai. Jioni akishafunga, sisi tuliugeuza mlango wake kuwa ubao. Chaki tuliokota darasani, vile vipande vidogo ambavyo mwalimu huvitupa. Karatasi ya kwanza ya hisabati katika KCSE ilikuwa imebakisha siku tatu.

Wawili kati yetu walikuwa wakali wa hesabu. Wawili, mimi nikiwemo, tulikuwa wa hivi hivi. Wa tano alikuwa dada niliyeketi naye dawati moja. Katika mtihani wa majaribio alikuwa amepata alama 11 kwa 100, na alishaamua mambo yake.

"Mimi hesabu tuliachana kitambo," alituambia siku ya kwanza. "Nimekuja kunywa chai tu."

Nakusimulia habari za siku hizo kwa sababu kila mwaka msimu wa mitihani ukikaribia, naona vijana wakirudia makosa yaleyale. Kila mtu amejifungia peke yake, simu mkononi, akisubiri ama muujiza ama mtihani ulioibwa. Na mimi nilikuwa mmoja wao, kama utakavyoona. Lakini kuna njia nyingine, na tuliijua kwa sababu ya umaskini wetu: hatukuwa na pesa za mwalimu wa ziada, kwa hivyo tulifundishana.

Hisabati haina mahali pa kujificha

Unaweza kujiambia kwamba hutaki kuwa mhandisi wala daktari, basi hesabu za nini? Sawa. Lakini tangu mwaka 2023, gredi ya wastani ya KCSE hupatikana kwa kujumlisha hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lugha hiyo inaweza kuwa Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, ile uliyoifanya vyema. Yale masomo matano nayo ni yale yaliyokuchomokea. Hisabati ndiyo pekee isiyo na mbadala. Iwe A au iwe E, inaingia kwenye hesabu yako, na gredi ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa shahada inabaki C+.

Sasa tuangalie mtihani wenyewe. Kuna karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 mafupi, lazima uyafanye yote, na jumla yake ni alama 50. Sehemu ya pili ina maswali 8 marefu, kila moja alama 10, nawe unachagua matano. Na pale juu ya karatasi kuna agizo ambalo wengi huliruka wakikimbilia swali la kwanza: onyesha hatua zote za kazi yako, kwa kuwa unaweza kupewa alama kwa kazi sahihi hata kama jibu lenyewe si sahihi.

Soma tena sentensi hiyo. Yule mwenzetu wa alama 11 alikuwa amekaa shuleni miaka minne bila kuizingatia.

Alama 19 alizomwachia nani?

Usiku wa kwanza hatukufungua kitabu. Kijana aliyekuwa mkali kutuliko wote alimwomba dada yetu ile karatasi yake ya majaribio. Alikataa. Tukambembeleza. Mwishowe akaitoa begini ikiwa imekunjwa mara nne, kama barua ya deni.

Kurasa nyeupe zilikuwa nyingi kuliko zilizoandikwa.

"Hapa mbona hukuandika kitu?" kijana aliuliza.

"Sikuwa najua jibu."

"Lakini fomula ya eneo la duara si unaijua?"

"Naijua."

"Na nusu kipenyo umepewa hapa. Ungeandika fomula, uingize nambari, hapo kuna alama moja tayari. Sasa hiyo alama ulimwachia nani?"

Dada hakujibu. Kijana akaendelea na kalamu nyekundu, swali baada ya swali, akiuliza jambo moja tu: ni hatua gani ya kwanza ambayo ungeweza kuiandika? Wasahihishaji hutumia herufi ambazo walimu wengi huwaonyesha wanafunzi: M ni alama ya njia, A ni ya usahihi wa jibu, B ni ya jambo linalosimama lenyewe. Ukikosea kujumlisha mwishoni, unapoteza A, lakini M yako inabaki. Ukiacha nafasi wazi, hakuna cha kusahihishwa.

Alipofika ukurasa wa mwisho alijumlisha. Kulikuwa na alama 19 za hatua za kwanza, hatua ambazo dada alizijua.

"Hizi hukuzikosea," alimwambia. "Hizi hukujaribu."

Kumi na moja na kumi na tisa ni thelathini. Bado si alama ya kuringia. Lakini niliona uso wake ukibadilika. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemhesabia alichokijua. Miaka yote alihesabiwa asichokijua. Usiku huo alimaliza chai yake na hakwenda.

Sheria za kibandani

Usiku wa pili tukaweka sheria. Kila mtu aje na mada moja atakayotufundisha na mada moja iliyomshinda. Hakuna kusema "hii ni rahisi", kwa sababu neno hilo humfunga mwenzako mdomo. Aliyefundisha akimaliza, anakaa chini. Aliyefundishwa anasimama mlangoni na kufanya swali lingine la aina hiyohiyo bila kitabu. Akikwama, tunanyamaza na kuhesabu hadi 60 kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Hiyo ya kunyamaza ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mtu ana jibu mdomoni linamwasha kama pilipili.

Mimi nilichagua kufundisha kodi ya mapato, lile swali la mshahara na PAYE. Nilijiona bingwa hapo. Nikaandika mlangoni mfano: shilingi 10,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, na 10,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 15. Mtu anapata Sh18,000. Anatozwa kodi ngapi?

Nikatafuta asilimia 15 ya 18,000 na kuandika Sh2,700 kwa madaha.

"Ngoja," alisema dada wa alama 11. "Si zile elfu kumi za kwanza ulisema ni asilimia 10? Mbona zimepanda bei?"

Kimya. Nilihesabu hadi 60 yangu mwenyewe. Alikuwa sahihi. Kodi hupanda kama ngazi: kila ngazi ina asilimia yake, na huwezi kuruka ya kwanza. Shilingi 10,000 zinatoa 1,000. Zile 8,000 zilizobaki zinatoa 1,200. Jumla ni Sh2,200, kisha swali likisema kuna msamaha wa kila mwezi, unauondoa kwenye kodi hapo mwishoni, si kwenye mshahara.

Nilikuwa nimesoma mada hiyo mara nne. Kila mara niliitikia kwa kichwa nikiangalia mfano wa kitabuni, nikafunga ukurasa nikijua nimeelewa. Ilinibidi nisimame mbele ya watu wanne ndipo nigundue kwamba sikuwa nimeelewa. Afadhali aibu ile niliipata mlangoni pa kibanda kuliko ndani ya chumba cha mtihani.

Swali la Kiingereza, maelezo ya mtaani

Jambo lingine tuliligundua bila kulitafuta. Darasani hisabati ilifundishwa kwa Kiingereza, na mtihani uko kwa Kiingereza. Lakini pale kibandani hakuna aliyekuwa akieleza kwa Kiingereza. Tulisoma swali, kisha mtu akauliza, "Sasa hapa wanataka nini?" Na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Chukua longitudo na latitudo, mada inayowatesa watahiniwa wengi. Mkali wa pili katika kundi letu aliifundisha kwa mpira wa karatasi za nailoni, ule ambao watoto wa mtaa hufunga kwa kamba na kuupiga barabarani. Alivisha raba mbili: moja katikati kabisa, nyingine juu karibu na kichwa.

"Hii ya katikati ni ikweta," alisema. "Mji mmoja uko hapa digrii 37 mashariki. Mwingine uko huku digrii 7 magharibi. Kuna pembe gani kati yao?"

"Thelathini," mtu akasema.

"Wewe ukitoka Umoja kwenda mashariki na mimi nikitoka Umoja kwenda magharibi, tunakaribiana ama tunaachana?"

"Tunaachana."

"Basi jumlisha."

Digrii 44. Kila digrii kwenye ikweta ni maili 60 za baharini, kwa hivyo umbali ni 2,640. Kila digrii ni dakika 4 za saa, kwa hivyo tofauti ya wakati ni dakika 176, yaani saa 2 na dakika 56, na walio mashariki ndio walioliona jua kwanza. Pande tofauti jumlisha, upande mmoja toa. Tuliimba hivyo hadi majirani wakatugongea ukuta.

Kisha akaigusa ile raba ya juu. "Hii nayo inazunguka dunia nzima, lakini angalia ni ndogo. Ukiwa latitudo ya 60, kila digrii haikupi maili 60 tena. Unazidisha kwa kosaini ya 60, ambayo ni nusu. Zile 2,640 zinakuwa 1,320."

"Kumbe ndiyo maana kuna kosaini hapo!" dada alipaza sauti. "Miaka yote nilidhani waliiweka tu kututesa."

Usinielewe vibaya. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, na lazima uyajue maneno yake. Lakini kama huwezi kumweleza rafiki yako swali kwa lugha mnayotaniana nayo, basi hujalielewa bado.

Mathe na redio ya Sh3,400

Mama mwenye kibanda, tuliyemwita Mathe sote, aliachia shule darasa la saba. Jioni alikuwa akiosha sufuria na kutusikiliza tukibishana. Usiku mmoja tulikwama kwenye swali dogo la alama tatu: mfanyabiashara aliuza redio kwa Sh3,400 na kupata hasara ya asilimia 15. Aliinunua kwa pesa ngapi?

Watatu kati yetu tulitafuta asilimia 15 ya 3,400, tukapata 510, tukajumlisha na kuandika 3,910.

Mathe akasimama na sufuria mkononi. "Watoto wangu, mimi nikinunua unga na chapati zisiuzike, hasara yangu naihesabu kwa pesa iliyotoka mfukoni. Hiyo ya kuuza ni iliyobaki. Utahesabuje hasara kwa pesa iliyobaki?"

Tukatazamana. Asilimia 100 ni bei ya kununua. Ukiondoa 15, iliyobaki ni 85. Basi 3,400 ni asilimia 85. Ukigawanya 3,400 kwa 85 na kuzidisha kwa 100, unapata Sh4,000. Jaribu kurudi nyuma: asilimia 15 ya 4,000 ni 600, na 4,000 ukitoa 600 ni 3,400. Imekaa.

Tangu siku hiyo, swali lolote la faida na hasara tuliliita swali la Mathe, na hakuna aliyelikosea tena.

Mia tano zangu

Sasa sehemu ambayo sipendi kuisimulia.

Jumamosi asubuhi, mamangu alinipa Sh500 za kuchapisha karatasi za miaka ya nyuma kwenye duka la intaneti. Nilikuwa nimeona chaneli moja mtandaoni iliyoahidi pepa halisi ya hisabati, na maelfu ya wafuasi wakishukuru kwa emoji za mikono. Nilituma mia tano zote. Baada ya saa moja nikapata picha nane za kurasa zenye nembo na mwaka wetu.

Jioni niliwaonyesha wenzangu kama mtu aliyeleta nyama. Yule mkali wetu alikunja mikono. "Mimi hiyo siangalii," alisema, akachukua begi lake na kutoka nje. Dada wa alama 11 alinitazama kwa muda.

"Kama hiyo ndiyo pepa," alisema, "basi wiki hii yote mlikuwa mnanifundisha ya nini?"

Sikuwa na jibu. Aliichukua simu, akasogeza picha, kisha akaanza kucheka. Aliita wengine waje. Swali la nne lilikuwa la redio ya Mathe, nambari zilezile. Swali la tisa tulikuwa tumelifanya mlangoni juzi, na chaki yake ilikuwa bado haijafutika vizuri. Ilikuwa karatasi ya mtihani wa majaribio wa miaka iliyopita, imebadilishwa jalada tu. Nilikuwa nimeuziwa Sh500 kitu tulichokuwa nacho kwenye rundo letu bure.

Angalia nani aliyeugundua uongo huo: yule aliyekuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa ameyafanya maswali hayo kwa mkono wake.

Na hata kama ingekuwa ya kweli? Kupata na kusambaza mtihani wa kitaifa kinyume cha sheria ni kosa la jinai nchini. Mtahiniwa ambaye matokeo yake yamefutwa kwa udanganyifu huandikiwa Y, na miaka minne ya karo inakuwa moshi. Baada ya udanganyifu uliotawala mwaka 2015, bodi ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, ilivunjwa mwezi Machi 2016. Mwaka huo mitihani ilibanwa, na waliopata A katika KCSE nchi nzima walikuwa 141 pekee.

Nilimfuata yule mkali nje, nikamwomba msamaha. Alikuwa ameketi juu ya mtungi wa maji akisoma vekta kwa mwangaza wa duka jirani. "Rudi ndani," alisema. "Leo zamu yako ni trigonometria."

Kwa nini kufundishana kunasaidia

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti ambao kila mtahiniwa angefaa kuujua. Waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma mara ya pili. Kundi lingine liliweka makala kando na kujaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliosoma mara ya pili walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ukisoma mfano uliofanywa kitabuni mara tatu, utajiona umeiva, kwa sababu kwa dakika tano zijazo kweli unaukumbuka. Mtihani hauji baada ya dakika tano. Kusimama mlangoni bila kitabu kunaumiza, lakini kunakuonyesha mapema pale palipo na shimo.

Na aliyefundisha hapotezi wakati. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Baada ya matokeo, yule mkali wetu aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Zile mada niliwafundisha nyinyi, sikukosea hata moja. Zile nilisoma peke yangu nyumbani ndizo zilinichoma."

Kama umebakisha siku tatu

Kama unasoma haya na pepa iko karibu, jaribuni hivi.

Kuweni wachache, watatu hadi watano. Kundi la watu kumi ni sherehe.

Siku ya kwanza, kila mtu alete karatasi yake ya mwisho aliyosahihishiwa. Tafuteni alama mlizoacha kwenye nafasi wazi kabla ya kutafuta mada mpya. Hizo ndizo za karibu.

Siku ya pili, fundishaneni zamu kwa zamu. Sehemu ya kwanza ya mtihani iheshimiwe, kwa kuwa ni nusu ya alama na haina kuchagua. Kwa sehemu ya pili, kila mtu ajue mada zake sita au saba anazozimudu, ili akifika pale achague matano bila kutangatanga.

Siku ya tatu, fanyeni karatasi moja nzima kwa saa mbili na nusu, simu zikiwa zimezimwa, kisha sahihishaneni. Usisahihishe yako mwenyewe, utajihurumia.

Usiku wa kuamkia mtihani, acheni mada mpya. Angalia fomula, hakikisha kalkuleta ina betri na ni ya aina inayoruhusiwa, weka kitabu cha majedwali, rula, kompasi na kalamu mbili mahali pamoja. Kisha lala. Akili yenye usingizi husoma 6 ikaandika 9.

Kuhusu mahali: si lazima iwe kibanda. Nairobi kuna maktaba ya McMillan mjini na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na maktaba ya KNLS pale Buruburu. Mkikutana jioni nyumbani kwa mtu, mzazi ajue mko wapi, na hakuna dada anayerudi nyumbani peke yake gizani. Sisi tulisindikizana wote watano hadi mlango wa mwisho. Njiani tulikuwa tukiulizana majira ya nukta.

Karatasi isiyo na nafasi wazi

Asubuhi ya karatasi ya kwanza, dada yule alinishika mkono langoni. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Nikisahau kila kitu?" aliuliza.

"Andika hatua ya kwanza," nilimwambia. Lilikuwa jambo pekee nililokuwa na hakika nalo.

Tulipotoka hakusema kama ilikuwa ngumu au rahisi. Alisema, "Sijaacha nafasi wazi hata moja." Jioni hiyo tulirudi kibandani kuanza maandalizi ya karatasi ya pili, na yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Alikuwa ameshafuta mlango kwa kitambaa chenye maji.

Sitakudanganya kwamba alipata A. Hesabu alipata C-, na gredi yake ya wastani ilimtosha kujiunga na chuo cha kiufundi. Mimi nilipata C+. Yule mkali alikosa A yake kwa karibu na alinuna wiki mbili. Hakuna gazeti lililotupiga picha tukibebwa mabegani. Lakini mtu aliyetoka E hadi C- kwa siku chache za chaki na chai ya rangi, mimi namheshimu kuliko aliyezaliwa na A.

KCSE yenyewe, iliyoanza mwaka 1989, inaelekea ukingoni. Ya mwisho chini ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027. Walio nyuma yetu watafanya mitihani yenye majina mengine. Lakini kutakuwa na mtu ameketi pembeni mwa darasa, karatasi yake imekunjwa mara nne begini, akisema amekuja kunywa chai tu.

Mwombe akuonyeshe hiyo karatasi. Msihesabu alichokosa. Anzeni na hatua ya kwanza anayoijua.